Nani Asimame Chini ya Ukuta

Davenport, Florida
3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na huko milimani theluji imekwisha? Sisi wazima, ila usingizi hatuujui. Opal anaota jino la pili na kila mtu nyumbani lazima alisikie. Nakuandikia nimemlaza begani, kwa hiyo usiushangae mwandiko.

Ningekupigia simu kama masikio yako yasingeishia kwenye baruti za bustani hii hii ya burudani. Mtaa wako unavunjwa. Ule mtaa wa makauboi, ambao ujana wako wote ulikuwa ukijirusha kutoka mapaa yake watu wakitazama, mahali pake wameipa ile filamu ya sherifu na kanisa linaloungua, iigizwe mbele ya wageni. Sijui kama huko ilifika. Hapa ilikaa kwenye sinema wiki chache, viti vitupu. Mimi na Garrett tulikwenda. Opal akalala, Garrett naye akalala, nikabaki mimi na sherifu tunatazamana.

Sasa kantini ya bustani hakuliki kwa ubishi. Dolores wa tikiti anasema, "Filamu iliyowashinda watu wakiwa kwenye viti laini, nani ataitazama amesimama juani?"

Garrett anamjibu, "Dolores, watoto hawasomi magazeti. Wape moto, wape kengele, wape mtu wa kunusurika, watapiga makofi."

"Na asiponusurika?"

"Watapiga zaidi."

Wakacheka wote. Mimi sikucheka, kwa sababu mtu wa kunusurika ni Garrett. Wamempa nafasi ya sherifu: ukuta mzima wa mbele wa kanisa unamwangukia, naye anasimama pale ambapo tundu la dirisha litampita. Ni kazi ya kudumu yenye bima ya matibabu, na unakijua kifua cha Opal. Ana furaha ambayo sijaiona tangu tuoane.

Nakuuliza wewe uliyeuacha ujana wako kwenye ule mtaa: filamu kama hii inastahili kupewa mahali pale?

Binti yako,
Rosalee


Silver City, New Mexico
15 Machi

Rosalee mwanangu,

Marahaba. Goti halina adabu, theluji imekwenda, na pilipili za mwaka jana bado nazila ingawa daktari kakataza. Mbusu Opal kwenye fizi.

Filamu mbaya hainiudhi. Nimeanguka kwenye maonyesho ya filamu ambazo hata waliozitengeneza hawazikumbuki, na watu walirudi nyumbani wakicheka. Kama onyesho ni zuri, lipewe mahali, na mtaa wangu usililiwe.

Kinachonitisha ni kingine. Filamu ikipendwa, kila mkubwa anasema ni yake. Ikikataliwa, wanaikwepa kama mgonjwa wa surua, na kazi iliyokwisha kuanza inamaliziwa na watu wasiotaka majina yao yaonekane. Kwa hiyo achana na filamu, niulizie ukuta. Nani kauning'iniza? Kwetu sisi waangukaji, aliyefunga kamba za ukuta ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama chini yake, kofia kichwani, wengine tukitazama. Hapakuwa na mjadala. Hobart, fundi wetu wa kamba, alikuwa anatapika kila mara kabla ya kusimama, lakini alisimama.

Mwulize Garrett ni nani kasimama chini ya huu. Nataka jina tu.

Baba yako


Davenport
9 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe nimechelewa, Opal alibanwa na kifua tukalazwa naye. Sasa amepona, anakula machungwa hadi mashavu yamemchubuka. Wewe je, unaacha hizo pilipili?

Jina halipo. Garrett anasema ukuta ulikuja kwa lori ukiwa umeshafungwa. Nikauliza kwa wengine. Kampuni iliyoutengeneza ilijitoa filamu ilipokataliwa na watu. Mkubwa aliyebuni onyesho kahamishwa, aliyemfuata kaacha kazi. Aliyebaki ni Bwana Prewitt, na huyo hata jina la filamu halitaji, anasema "kile kitu".

Kwenye mazoezi wanasimamisha mdoli. Mwanzoni dirisha lilimpita vizuri. Jana ukuta ulimng'oa bega. Wamesema ni upepo. Baba, upepo upo hapa kila alasiri, unajua, na radi yake.

Halafu kuna msumari. Mahali pa kusimama wamepigilia msumari wenye utepe mwekundu. Lakini unaijua bustani yetu, wafagiaji wakishapita hata ganda la karanga halibaki chini. Wakiuona msumari wanaung'oa, mtoto asije akachomwa. Siwalaumu, mimi mwenyewe ningeung'oa. Asubuhi Garrett anaupigilia tena, kwa kukadiria.

"Unakadiria kwa macho?" nikamwuliza.

"Macho yangu mazuri, si ndiyo yaliyokuchagua wewe?"

"Usinichekeshe, Garrett."

"Mpenzi, baba yako ni wa enzi za farasi. Siku hizi kuna wahandisi."

"Wako wapi?"

Akamchukua mtoto akaenda kumwogesha.

Wanafungua katikati ya Mei. Nifanye nini?

Binti yako,
Rosalee


Silver City
17 Aprili

Rosalee,

Leo sina salamu ndefu. Asisimame. Mwambie nimesema mimi. Kama hasikii, napanda basi nije nisimame mimi. Nimeshaishi.

Baba yako


Silver City
5 Mei

Mwanangu,

Nimekwenda posta hadi yule dada wa dirishani ananionea huruma kabla sijafungua mdomo. Kama mmekasirika, kasirikeni, lakini niandikie. Hata neno moja.

Baba yako


Davenport
12 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Tuko hai, wote watatu. Usipande basi. Nilinyamaza kwa sababu ningekwambia ninachotaka kufanya ungenikataza, nami ningekutii.

Kwanza nilikwenda kwa Bwana Prewitt, nikamweleza desturi yenu. Nikamwambia, "Sasa wewe ndiye mwenye ukuta. Simama."

Akacheka. "Mama, kile kitu kimeshaniua kazini, sasa unataka ukuta wake uje unimalizie?"

Alitania, lakini hakusimama.

Siku ya mazoezi ya mwisho nikaenda na Opal. Garrett alikuwa ameshavaa kofia ya sherifu, ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama badala ya mdoli. Nikampa mtoto, nikavuka uzio, nikasimama kwenye msumari mimi. Nikamwambia aliyeshika kamba, "Vuta."

Hakuvuta.

"Si salama?"

"Ni salama, dada."

"Basi vuta."

Akamtazama Prewitt. Prewitt akapaza sauti, "Usivute! Mtoeni huyo mama pale!"

Baba, maziwa yalikuwa yananivuja hadi kwenye blauzi. Juu yangu mbao zilikuwa zinalia kwa upepo. Sikusogea. Nikasema, "Kwa nini asivute? Mwili wangu una tofauti gani na wa Garrett?"

Garrett akanitazama, halafu akawatazama wao, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu marafiki. Akaivua kofia akaiweka chini. "Rosalee, twende nyumbani."

Kazi imekwisha, na bima nayo. Garrett anaezeka mapaa ya watu na haongei sana. Juzi aliniambia ananichukia kidogo. Nikamwambia anichukie hivyo hivyo akiwa mzima, chakula kiko mezani.

Nilidhani wataufunga mtaa. Hawakuufunga. Wamebandika picha kubwa ya sherifu langoni, na wamepata mtu mwingine wa kuvaa kofia. Anaitwa Tobin, ametoka Georgia, juzi juzi tu kamaliza shule. Garrett alimfuata akamweleza yote. Akajibiwa kwamba ana wivu. Nami nilikwenda. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa kiti, akasema, "Usijali, mama." Wanafungua Jumamosi.

Mama yake alimtumia biskuti kwa posta, na Dolores amenitolea anwani kwenye kisanduku. Simu yake hatuna. Simjui, hanijui, na sijui nimwamkieje mtu kwa habari kama hii. Lakini barua ya haraka itafika kabla ya Jumamosi nikiipeleka leo.

Kwa hiyo naishia hapa, Baba. Opal amelala, posta inafungwa saa kumi na moja, na karatasi ya mama Tobin bado nyeupe.

Binti yako,
Rosalee