Mayai Tisa ya Bata Mzinga

Jumanne

Viza! Eti mayai yangu ni viza.

Shangazi amefika leo kutoka Kikatiti, na kabla hajamaliza chai akaingia bandani. Akauliza bata mzinga amelalia siku ngapi. Nikasema ishirini na tatu.

"Wewe binti, kuku anatotoa siku ishirini na moja! Haya yameoza. Unamtesa bure huyu mama."

Bata mzinga ni siku ishirini na nane. Nimeziandika mwenyewe kwenye kalenda ya kanisa. Tangu nimalize kidato cha nne, hii ndiyo kazi pekee niliyoianza mwenyewe. Lakini nilisimama pale na ndoo ya maji nikajibu, "Ndiyo, shangazi." Ndiyo!

Akayakusanya yote tisa kwenye kanga, akaenda migombani, akatupa la kwanza shimoni. Likapasuka. Ndani kulikuwa na kifaranga, kinachezacheza.

"Yesu wangu," akasema. Hakutupa jingine.

Manane nimeyarudisha. Jike ameyalalia tena, ila sijui kama baridi haijayaua.

Mama anasema nisimkasirikie shangazi, hakujua.

Sawa, hakujua. Mimi nilijua.