Senti Iliyosuguliwa kwa Majivu

Papa mpenzi,

Leo fundi amekuja kubadilisha dari ya chumba chenu hapa Kanombe, na kopo lako likamshukia mikononi pamoja na vumbi. Lile la maziwa ya unga, tulilolitafuta hadi tukachoka. Nimeketi nalo barazani. Ndege inapita juu inakwenda kutua, nami siisikii vizuri. Nimerudi utotoni, niko magotini pako.

Ulilichimbua Kiyovu ukitengeneza bomba kwa bibi mmoja mzungu aliyekuwa anahama. Akacheka, akakupa. Mgeni wake ndiye aliyekuambia kuwa zilizomo ni senti za shaba za Marekani, za zamani kabisa, na kwamba hazisuguliwi, zisije zikapoteza thamani. Basi kila Jumapili baada ya misa ulizipangusa kwa brashi yako ya kunyolea, polepole, kama unamwosha mtoto mchanga uso. "Shika ukingo tu, sha, mwanangu Keza. Usimguse mama usoni." Maana kila moja ilikuwa na mwanamke, nywele zimeachiliwa, anatazama pembeni. Nilidhani ni shangazi yetu wa huko mbali. Nilimnusa, alinukia mvua.

Kisha siku moja, ukiwa kazini Sonatubes, Mama akaona aibu kuweka vitu vyeusi namna ile nyumbani mwake. Akachukua moja, majivu na ndimu, akaisugua hadi ikawaka. Ulipoingia akakukimbilia nayo: "Papa Keza, ona, sasa iko safi!" Hukusema neno. Ulikunywa chai yako ukatoka nje, na kesho yake kopo halikuwepo.

Hilo limemkaa Mama moyoni, Papa. Tangu ututoke, kila akisugua sufuria ni yaleyale: "Ile yangu aliitupa. Zingine akanificha, mimi kama mwizi." Nimemtania, nimembembeleza, wapi! Na mimi nilikukasirikia. Ungesema hata neno moja tu.

Sasa nimelifungua. Senti zako zimelala kwenye pamba, kahawia, zimetulia. Chini kabisa kuna kipande cha kitenge cha Mama, kile cha njano, na ndani yake ile aliyoisugua. Bado inang'aa, isipokuwa usoni. Hapo pana alama ya kidole gumba, kubwa, yenye lile kovu lako la msumeno, imeingia kwenye shaba. Wewe, ambaye hukuthubutu kuwagusa wale wengine! Hii uliishika mara ngapi, Papa, peke yako?

Nikampelekea Mama jikoni. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Disi, maskini," akasema, "alikuwa nayo."

Pumzika, Papa. Brashi yako ipo, na Jumapili nitaanza mimi. Ila ile moja sitaipangusa. Mama ameketi nayo sasa hivi, ameweka kidole gumba chake palepale pako, katikati ya uso, na mimi sikumwambia ashike ukingo.

Binti yako,
Keza