Mpaka Ardhi Ifunguke

Alder Falls, Michigan
16 Januari 1994

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Yuma kwenye jua lako. Mimi sijambo, ila baridi ya mwaka huu haina adabu.

Mama, Babu ametutoka. Jumanne asubuhi nilimpelekea kahawa yake, nikamkuta ameelekea ukutani, mkono umeshapoa. Nilipiga ile namba uliyonipa, mwanamke mmoja akaniambia uliacha kazi pale hotelini. Basi naandika kwa sanduku la posta, nikiomba bado ni lako.

Jana tulimwombea kanisani. Watu wakala pai za nyama na mkate wa iliki ukumbini, wakanipa pole, wakarudi kwao kuondoa theluji milangoni. Kumzika bado. Wewe ni wa hapa, unajua: ardhi imeganda kama chuma. Amewekwa kwenye chumba cha mawe kule makaburini, pamoja na wengine waliofariki tangu Desemba, mpaka ardhi ifunguke mwezi wa tano. Kwa hiyo hujachelewa, Mama. Njoo tumzike.

Habari nyingine ni ya shule. Kwa kumuuguza Babu nilikosa asubuhi nyingi mno, na masomo yangu hayatoshi kumaliza. Mwalimu wetu, Bi. Gagnon, ameniingiza kwenye mpango wa kusomea kazini: nusu siku darasani, nusu siku kazini, na kazi inahesabiwa kama somo. Wenzangu walishachukua gereji, duka la mikate na hospitali. Palipobaki ni makaburini, kwa mzee Pelto mtunza makaburi. Nimekubali. Angalau nitakuwa karibu na Babu.

Nyumba ni kubwa sana sasa.

Mwanao,
Curtis


Yuma, Arizona
20 Februari 1994

Mwanangu Curtis,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua. Siku hizi nafua mashuka katika hoteli nyingine, ndiyo maana hukunipata.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini. Pole, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa naye, kwa hiyo pole ni yako zaidi kuliko yangu.

Unaniambia nije. Ulikuwa mdogo, hukusikia tulivyoachana na babu yako. Niliposhika begi, aliniambia mlangoni: "Ukivuka kizingiti hiki, Marlene, usirudi hata kunizika." Nami nikamjibu, "Wala sitarudi." Baba yangu hakuwa mtu wa kusema maneno mawili, nami nilirithi kichwa chake kigumu. Neno la mzazi aliyekufa, nani atalifuta?

Nilisema nikipata chumba nitakuita uje. Chumba nilipata. Ujasiri wa kumwandikia babu yako akuruhusu uje ndio sikuupata, miaka ikapita. Usifikiri nilikusahau.

Kula vizuri, na vaa soksi mbili.

Mama yako


Alder Falls
20 Machi 1994

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Hujambo na mgongo? Mimi nipo. Soksi navaa tatu.

Kazini sichimbi, maana hakuna pa kuchimba. Nanoa makoleo, napaka mafuta mikanda ya kuteremshia majeneza, nasafisha njia ya kwenda chumba cha mawe. Shuleni wananiita Jirani wa Marehemu. Kila nikiingia ukumbi wa chakula, Dale Kemppainen wa darasa letu anauliza, "Vipi, wateja hawajalalamika?" Nacheka nao, kisha nakula peke yangu, kwa kuwa wanasema nanuka kifo. Nanuka mafuta ya taa tu.

Mzee Pelto si mtu wa maneno mengi, lakini akianza ni vichekesho. Nilimuuliza lini atanisainia ile karatasi ya shule. Akasema, "Chumba kikiwa kitupu." Nikamwambia mahafali ni mwanzo wa Juni. Akasema, "Basi kawaambie hao waliomo ndani wafanye haraka." Hataki kusaini nusu ya kazi. Kazi ya makaburini, anasema, ni kumfikisha mtu, na aliyeishia njiani hajafikishwa. Kwa hiyo nisipowazika wote, simalizi shule.

Mama, nataka kukwambia jambo kuhusu lile neno la mlangoni. Kila Jumamosi Babu aliwasha sauna, kibanda kikajaa mvuke, na kabla ya kuingia kuoga alitundika taulo tatu. Yake, yangu, na ile ya bluu yenye ukingo uliochanika. Hatukuwa na mgeni. Tukitoka aliikunja ile ya bluu, kavu vilevile, akairudisha kabatini. Miaka yote. Siku moja nilimuuliza ni ya nani, akanijibu, "Mwaga maji kwenye mawe, acha maneno." Jana niliiangalia vizuri. Pembeni imeshonwa herufi M.

Yeye hakujua kusema samahani. Lakini taulo alitundika.

Mwanao,
Curtis


Makaburi ya Alder Falls
2 Mei 1994

Kwa ndugu wa marehemu Oskar Rautio,

Tunakujulisha kwa heshima kwamba ardhi imefunguka. Tafadhali utuambie siku utakayoweza kufika ili mpendwa wako azikwe nawe ukiwapo.

Mama, ni mimi. Mzee Pelto alizamisha mtaimbo Ijumaa, ukaingia mpaka mwisho bila kugonga barafu, akavua kofia. Kisha akanikalisha mezani niwaandikie ndugu wote. Nimeziandika barua hizi kwa mwandiko mmoja, zote zinafanana. Ya kwako niliiacha mwisho, nikashindwa kuifananisha na nyingine.

Desturi ni aliyetangulia kuingia ndiye anayetangulia kutoka. Nimemwomba mzee Pelto amwache Babu awe wa mwisho. Akasema, "Sawa. Rautio hakuwahi kuwa na haraka hata alipokuwa hai."

Nitakungoja.

Mwanao,
Curtis


Yuma
11 Mei 1994

Mwanangu,

Marahaba. Nakuja. Nimeomba ruhusa kazini na tiketi ya basi ninayo mkononi. Nitafika Jumamosi tarehe 28. Usiniandalie chochote. Taulo hiyo usiifue.

Mama


Alder Falls
12 Juni 1994

Mama,

Shikamoo. Sijui kama u mzima. Naomba uwe mzima.

Tarehe 28 nilikuwa kituoni tangu asubuhi. Alishuka mama mmoja mwenye mbwa, na mwanajeshi. Nikalingoja basi la siku iliyofuata, na la siku iliyofuata tena. Mwenye kituo akawa ananipa kahawa bila kuniuliza kitu, na hilo lilinichoma kuliko kama angeniuliza.

Wengine wote walikuwa wameshazikwa. Wana wao walikuja, wengine kutoka mbali, wakagombana kuhusu maua, wakakumbatiana, wakaondoka. Chumbani akabaki Babu peke yake. Bi. Gagnon alikuja kunikagua, akamwambia mzee Pelto, "Msainie kijana, mahafali ni wiki hii. Huyu amefanya kazi." Mzee akasema, "Mwulize mwenyewe kama amemaliza." Wakanigeukia wote wawili. Nilitaka kusema ndiyo, Mama. Nikasema bado.

Tulimzika Alhamisi. Kaburi nilichimba mwenyewe tangu alfajiri, na mzee alinipimia kingo tu. Mikanda inataka watu wanne. Tulikuwa mzee Pelto, mchungaji na mimi. Bi. Gagnon akaweka kalamu mfukoni, akavua viatu vyake vya kisigino, akashika mkanda wa nne. Huo ulikuwa wako. Alilia, na Babu hakumjua kamwe.

Ndugu hutupa konzi ya udongo kabla koleo halijaanza. Mimi nilitupa yangu. Ya kwako niliitia kwenye mkebe wa kahawa wa Babu, ndio huu ninaokutumia. Sikujua niufanyie nini.

Karatasi imesainiwa. Kwenye mahafali, kila aliyeitwa alipigiwa kelele na watu wake. Mimi alinipigia makofi mzee Pelto, amesimama peke yake na buti zake za kazini, na yeye kupiga makofi hajui.

Nimekukasirikia, Mama. Nakuambia ili usidhani nimenyamaza kwa kuwa yamekwisha. Nahamia Marquette kwa mchonga mawe ya makaburi, fundi wa watu mpole, atanifundisha. Nyumba nimeifunga. Ufunguo uko palepale pa siku zote.

Curtis


Alder Falls, Michigan
16 Oktoba 1994

Mwanangu Curtis,

Nakusalimu, hata kama hutaki salamu yangu. Anwani hii nimepewa na mzee Pelto.

Mwezi wa tano nilifika hadi Green Bay, saa chache tu kabla ya kufika kwako. Basi likasimama, nikasikia baridi ile ya kwetu mlangoni, na sauti ya baba yangu ndani yake. Nikashuka, nikakata tiketi ya kurudi. Sina cha kujitetea. Nilimwogopa marehemu, nikakuacha wewe uliye hai umesimama kituoni.

Mkebe ulikaa dirishani kwangu. Kila nikirudi kutoka kazini niliuona. Watu waliuliza ni kahawa gani hiyo isiyoisha. Mwishowe niliacha kazi, nikaupakata safari nzima kuja huku.

Jana niliumimina udongo ule kaburini. Nyasi zimeshaota, ikabidi nizifunue kwa vidole. Mzee Pelto alisimama mbali, na nilipomaliza akasema, "Sasa ndiyo kazi imekwisha." Nilimwambia bado.

Ufunguo niliukuta palepale. Nimefagia, nimepasua kuni, mikono imechubuka. Jana jioni niliwasha sauna, na Jumamosi ijayo nitawasha tena, na inayofuata, na zote baada ya hapo. Huku theluji imeanza, barabara ya Marquette najua hufungwa, kwa hiyo sitakuhesabia siku. Safari hii mwenye kungoja ni mimi.

Taulo nimetundika tatu. Ya bluu nimejifutia, sasa imelowa.

Mama yako