Cherehani kwenye Baraza la Darasa la Nne

Chumba cha Kushonea,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu tele. Hujambo huko? Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na Shemeji, kikohozi kimemwacha? Sisi huku wazima, ila mimi nina hasira, na utanisamehe zikikurukia.

Barua yako niliipata. Umemwombea Chiriku wangu nafasi kwenye shule ya bweni ya viziwi, safari ya siku mbili kutoka hapa. Najua umefanya kwa mapenzi. Jibu langu ni hapana.

Sikiliza yaliyotokea. Mwezi uliopita mwalimu wa darasa la nne alitoa imla, akisoma maneno huku anazunguka nyuma ya madawati. Mtoto hasikii, Dada, anasoma midomo. Atasomaje midomo iliyo kisogoni kwake? Mwenzake wa dawati, binti wa seremala, alimhurumia akawa anamwonyesha kwa vidole chini ya meza. Wote wawili walipewa sifuri kwa kuibia, na mimi nikaletewa barua kwamba mwanangu ahamishwe.

Wewe unanijua. Nilikwenda na futi yangu shingoni hadi ofisi ya walimu, nikawaomba kila mmoja ashike kalamu, nikawapa imla yangu: maneno kumi, kwa mikono mitupu, kama tunavyozungumza nyumbani. Walinirudishia karatasi tupu.

"Mama, hii si haki," mwalimu akasema. "Sisi hatujafundishwa."

"Basi andika hivyo kwenye ripoti ya mwanangu," nikamwambia.

Mwalimu mkuu alidai hana mkalimani na hatarajii kumpata. Kesho yake Baba Chiriku alinibebea cherehani hadi barazani, kwenye dirisha la darasa. Nashona, mwalimu akisema jambo natafsiri kwa mikono, na wateja wananifuata huko huko. Nimeamriwa kuondoka mara mbili. Nimejibu kuwa nitaondoka siku watakapojua kusema na mwanangu wenyewe.

Sisemi hiyo shule ya bweni ni mbaya. Mtoto anayeitaka aende, asome, afurahi. Wangu nilimuuliza mwenyewe, akasema rafiki yake, yule binti wa seremala, yuko hapa. Hao wawili siku hizi wanapiga soga kwa mikono hadi wanaandikwa kwenye orodha ya wapiga kelele, na darasa kimya.

Juzi Ijumaa imla ilirudiwa. Mwalimu, ambaye wiki nzima alikuwa akinijia wakati wa mapumziko kujifunza, alisimama mbele, akataja kila neno na kulionyesha kwa ishara. Chiriku alipata saba katika kumi. Nililia pale barazani mbele ya wateja, wala sikuona aibu.

Nisalimie Shemeji, Mjomba fundi saa, na mapacha wako, uwabusu wote wawili. Mungu awape afya na awatunzie nyumba yenu. Na huko bwenini, waambie nafasi wampe mwingine.

Kamati ya shule itakaa Jumatano kuamua kama Chiriku abaki. Waamue watakavyo. Alhamisi, saa moja asubuhi, atakuwa kwenye dawati lake, na mimi dirishani.

Mdogo wako akupendaye, hata akikukatalia,
Mama Chiriku