Saa Sita Nilizozitoa

Mlandege, Unguja

Mama yangu, shikamoo. Je, uvimbe wa mguu umepungua? Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka.

Mama, sitafika Ujiji kumuozesha mdogo wangu. Mwajuma, najua wewe ndiye unayemsomea Mama. Usinyamaze hapa, endelea kusoma.

Mnajua huku nilikuja kubeba mizigo. Fundi wa kompyuta wa duka letu la tiketi za boti alipoondoka, tajiri alikumbuka kuwa nilikuwa nikimtazama akifanya kazi, akaniketisha mimi mahali pake. Ukurasa wetu wa mtandao huomba ratiba kwenye kompyuta ya wenye boti. Jibu huja kama maandishi marefu yaliyobanana, kila kitu kimewekewa alama yenye jina lake: boti, siku, saa. Mimi naandika maelekezo ya kuyafuata majina yale, kukitoa kila kitu na kukipanga mahali pake, mteja asome.

Sasa jibu lilisema boti inaondoka 7:00, hesabu ya Kizungu. Nikaamrisha kila saa ipunguzwe sita, isomeke 1:00, yaani saa moja asubuhi kama tusemavyo sisi. Sikufikiri kuwa wanaoufungua ukurasa ule ni Wazungu. Wakaja saa saba mchana, ambayo kwao ndiyo 1:00, na mabegi yao.

"Bwana Mrisho," Bi Tatu mkata tiketi akanicheka, "wageni wako wameikuta gati tupu!"

Nilirekebisha siku ileile. Kisha nikamwomba tajiri ruhusa ya kuja harusini.

"Hwendi. Wenye boti wakibadilisha jina moja tu, ukurasa unabaki mweupe. Nani atalisoma hilo jibu?"

"Nitamfundisha Bi Tatu."

"Nshasema."

Kitambulisho changu amekifungia kabatini tangu siku ya wale wageni, na bila hicho sipandi boti. Nilipokuwa nabeba magunia ningeondoka siku yoyote, maana migongo ya kubebea imejaa mjini.

Basi, kwa kuwa Baba hayupo na mimi ndiye walii, kwa barua hii namfanya Baba Mdogo kuwa wakili wangu, amuozeshe Mwajuma kwa niaba yangu. Shehe asomewe maneno haya mbele ya mashahidi.

Nisalimieni Shangazi, ambaye najua ndiye atakayepika, na majirani wote. Na mnisalimie shemeji yangu, ambaye sijapata kumuona uso.

Mwanao,
Mrisho