Paa Moja Juu ya Nyumba ya Daktari

Jumamosi jioni, Stafford, huku Marekani. Jua limechoma tangu asubuhi, na mvua iliyotishia haikunyesha. Nimekaa ndani ya gari.

Siamini. Mimi, Mbukusu wa Kimilili kule Kenya, ndiye niliyefanya kosa hili?

Ngoja nianze vizuri. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba katika ofisi moja kule Richardson. Mwaka jana Daktari Wafula, mtu wa kwetu anayeishi huku, aliniletea picha na vipimo vya jumba la kale la Uingereza alilolipenda tangu enzi za masomo yake. Dohani ndefu, madirisha ya vioo vidogo vidogo, na ubavuni kijumba kilichoshikana nalo. Alitaka lijengwe huku vilevile lilivyo. Nilipopendekeza tupunguze dohani moja, alininunia wiki nzima.

Kijumba ni cha mama mkwe wake. Kwetu mama halali chini ya paa moja na mume wa binti yake, hata akiwa Marekani, hata akiwa mgonjwa. Mama huyu amekuja kumpokea mjukuu wake wa kwanza, na analala kwa rafiki yake wa kanisani. Kila jioni akiondoka, binti yake Nekesa, mimba imemlemea, hubaki akilia. Sasa huyo rafiki anahama. Bila kijumba, mama anarudi Kenya kabla mtoto hajazaliwa.

Leo, nyumba ikiwa imekamilika, mama alikuja na sanduku lake ahamie.

Paa ndilo nililojivunia kuliko vyote. Waingereza walianza na kijumba, baadaye wakaegemeza jumba kubwa hapo, kisha wakafunika vyote viwili kwa paa moja la vigae. Nililichora lile lile. Tena nilijigamba ofisini!

Mama alisimama kwenye nyasi, macho yakifuata vigae kutoka kwenye dohani hadi juu ya mlango wake. Akaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ni wa nyumbani: "Mwanangu, hapo juu paa ni mbili, sivyo?"



Ningeweza kumwambia kuna ukuta wa matofali katikati. Upo kweli, na ni mnene. Angeingia, angelala, na Nekesa angetulia.

"Ni moja, mama."

Hakunigombeza. Aliketi juu ya sanduku lake, akageuza uso. Nekesa akaanza kulia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Daktari alikuwa mbali, kando ya gari lake, kama inavyompasa mkwe. Nilimwendea nikamweleza, nikingoja anifokee. Alilitazama lile paa.

"Cut it," akasema. "Toa hiyo part yote ya katikati. Nataka nione sky hapo."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Huyu aliyeninunia kwa ajili ya dohani moja? Nikamuuliza, na uzuri wa nyumba je?

"Uzuri gani, na mama amekaa nje?"

Kesho ni Jumapili, lakini kanisa litanisamehe. Nitachora mapaa mawili, na katikati yake nafasi ya kutosha mvua kupita.

Mama amerudi kwa rafiki yake jioni hii. Sanduku ameliacha.