Barua Niliyoiacha Wazi Maktaba

Shoga, acha unachofanya. Nimeumbuka maktaba mpaka basi.

Si unajua leo nilikuwa nawafundisha wale kina mama intaneti? Somo lenyewe: ukitumia kompyuta ya umma, toka kwenye akaunti yako kabla hujainuka. Nimelisema kwa mbwembwe zote, kidole juu!

Bibi mmoja wa nyuma akaniita: "Mwalimu, humu kuna barua ya mtu, haijatumwa."

Na mimi na kiherehere changu: "Mnaona uzembe huo? Hebu isome kwa sauti, wote wasikie!"

Akasoma. Polepole, kidole kwenye kioo. "Mpenzi... najua... nilikununia... bure."

Shoga. NILIKUNUNIA BURE.

Ni yangu! Ile ya kumwomba radhi fundi saa wangu, uliyonikataza nisiandike! Nilikuwa naiandika pale kabla hawajafika, nikainuka kwenda kupanga viti.

Ningemkatiza, wangejua. Nikasimama kama mlingoti, nasikiliza mpaka "nalala nimekumbatia sweta lako". Darasa zima likasema, "Maskini!" Na mimi nikasema maskini. Maskini, mimi!

Nikajikaza: "Haya bibi, ifunge hiyo akaunti." Akabonyeza, akatabasamu.

Nilidhani yameisha. Wakati wa kutoka akanishika mkono, akaninong'oneza:

"Jina lako liko pale juu, mjukuu wangu. Barua nzuri vile haiachwi ikalala. Nimekusaidia kuituma."